Bakuli la Kufulia Saa

Mtendeni, Tabora
11 Februari 2024

Kwa Nestory, mtoto wa shangazi yangu, Mmoravian sugu wa Kigoma.

Mwangaluka. Shikamoo sikupi, maana umenizidi mvua moja tu, na mwaka ule ulikuwa wa njaa, hauhesabiki. Sisi huku tunapumua. Mke wangu Koleta mzima, ila goti lake siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Binti yetu Advera kajifungua kule Nzega, mtoto wa kiume, wamempa jina langu bila mimi kuomba. Wameona wenyewe jina lipi lina uzito. Mahindi ya Puge yamesimama vizuri. Huko kwenu dagaa wanasemaje?

Ninakuandikia kwa sababu simu imenichosha. Sikio la kulia limegoma, la kushoto linachagua la kusikia, na nikipiga kelele kwenye simu Mtendeni nzima inajua mambo yangu. Barua hii anakuletea Consolatha, yule anayepeleka karanga Kigoma kwa treni. Majibu mpe huyohuyo.

Haya, jambo lenyewe. Wewe unanijua. Hakuna saa iliyoingia Tabora ikakosa kupita mkononi kwangu. Masista wameleta, mahakimu wameleta, mpaka wakuu wa stesheni ambao treni zao hazifuati saa yoyote. Sasa mwanangu Valentino alikuja Krismasi, akakaa kibandani kwangu tangu asubuhi akinitazama. Mwisho akasema, "Baba, funga kibanda. Njoo Dodoma upumzike, nimeshakujengea chumba."

Chumba! Mimi ni kuku? Nikamwuliza kwa nini, akasema nimechoka. Mwalimu Yoramu alikuwa hapo kwenye benchi la wateja, akakohoa kile kikohozi chake cha kukubaliana na jambo baya. Hapo nikapandwa na hasira. Nikasema mbele yao: Nane Nane utakaporudi, Valentino, nitachukua saa ya Mwalimu huyu, nitaifungua, nitaifua, nitaiunga mpaka itembee, wewe umesimama hapohapo. Nikishindwa, ufunguo wa kibanda nakupa mwenyewe na mzigo nafunga, twende huko Dodoma.

Nimeshasema. Hayarudi.

Sasa, kwenye simu ya Advera nimeona bakuli la maji linalofua saa kwa sauti ambayo sikio la mtu haliipati. Unatumbukiza magurudumu, uchafu unatoka wenyewe kama moshi. Hakuna brashi, hakuna kusugua. Si kwamba brashi imenishinda, haijanishinda. Ni kwenda na wakati. Kununua sitaki, nataka nilitengeneze kwa mikono hii. Wewe ulikuwa fundi wa simu za reli, umeme unaujua kidogo. Niambie linatengenezwaje. Usinifundishe, niambie tu.

Kumbuka babu yetu alibeba pembe toka Ujiji mpaka hapa bila kubadilisha bega. Damu ndiyo hii.

Mimi Wenceslaus Mathias, fundi.


Gungu, Kigoma
10 Machi 2024

Wenceslaus, mtoto wa mjomba,

Shikamoo yangu utanipa siku ukikua. Barua yako Consolatha aliileta na mfuko wa karanga, karanga zimefika nusu, barua nzima. Hapa tupo. Mkwe wangu Amne anauguza mguu, alikanyaga mwiba wa samaki, sasa anatembea na kulalamika kwa pamoja. Dagaa wapo. Hongera kwa mtoto wa Advera, Mungu ampe kila kitu chako isipokuwa mdomo.

Umesema nikuambie nisikufundishe. Basi sikiliza ninavyokuambia.

Chini ya bakuli lile kuna kitu tukiite kitetemeshi. Ni kama kikombe kidogo cha chuma chenye vigae viwili vya udongo maalumu ndani yake. Umeme ukipita, vigae vinavimba na kusinyaa upesi kuliko sikio linavyoweza kufuata. Bakuli linatetemeka, maji yanajaa vipovu ambavyo huvioni, na kila kipovu kikipasuka kinabandua uchafu. Kinachokiendesha kitetemeshi ni bodi ya umeme. Vyote viwili vinauzwa Dar es Salaam kwenye maduka ya vifaa vya redio. Bakuli liwe la chuma cha pua, jembamba. Kitetemeshi kibandike kwa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, ukiache mpaka kesho yake. Usiwashe bila maji.

Lakini umeme wa bodi ile ni mkali kuliko wa ukutani, na ukizima swichi hauondoki. Unabaki umejificha kwenye kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, kama nyoka kwenye paa la nyasi. Kwa hiyo kabla hujaigusa, anza na vitu vya betri ya tochi. Chukua taa ndogo ya LED, chukua rizista, ziunge kwa risasi ya kuyeyusha. Rizista ni mlango mwembamba, umeme unapita kwa adabu. Halafu iondoe rizista, taa nyingine uiue makusudi, uone inavyokufa. Ukishajua kuiwasha, kuizima na kuiua, niandikie, tuendelee.

Swali moja. Herufi zako zamani zilisimama kama askari wa gwaride. Sasa zinacheza ngoma. Kama ni kalamu, hii hapa nyingine.

Nestory.


Mtendeni
28 Aprili 2024

Nestory,

Kalamu nimeipata. Mwandiko ni meza, mguu wake mmoja mfupi. Tumesali Pasaka vizuri, kwaya yetu imeimba mpaka nyinyi Wamoravian mngeokoka. Mvua imekata mapema. Koleta anakusalimu. Amne mguu umepona?

Sasa nikupe habari za fundi. Vitu vyote vimekuja na basi toka Dar, dereva kaniletea mkononi. Habari ya kuwasha vitaa nimeiruka, mimi si mtoto wa chekechea. Nimekwenda moja kwa moja kwenye kazi. Bakuli nimepata kwa muuza vyombo, linang'aa unaweza kunyolea ndevu. Gundi yako ya mirija miwili inanuka kama dawa ya mifugo, nikaitupa. Nimetumia nta ya Sikonge, ile ngumu. Wazee wetu waliziba nayo vibuyu na ngoma, na ngoma inapigwa usiku mpaka asubuhi nta haitoki. Nani ameitikisa gundi yako ya dukani kama ngoma inavyotikiswa?

Nikawasha. Sikusikia kitu. Koleta akasema linalia kama mafuta yanayokaanga. Nikaona bodi ni dhaifu, nikaliacha lipate nguvu. Mara kitetemeshi kikabanduka, kikawa kinaning'inia kwenye waya wake na kupiga kelele ambayo hata mimi niliipata. Bodi ikatoa moshi. Ilinuka samaki aliyeungua. Nikaenda kuchomoa, hapo nikajikwaa kidogo, basi.

Bodi uliyonichagulia ni mbovu. Niambie nyingine nzuri. Nane Nane inakuja na Valentino kapiga simu kuuliza tutakwenda na vitanda vingapi.

Wenceslaus.

Shemeji Nestory, ni mimi Koleta, bahasha naibandika mimi. Hakujikwaa. Umeme ulimtupa mpaka kwenye ndoo. Alitaka kuchomoa waya, mkono ukatetemeka ukagusa pengine. Mkono huo unatetemeka tangu mwaka juzi. Chai ninamjazia nusu kikombe, naye anasema siku hizi hapendi chai nyingi. Hatujawahi kulisema. Wewe ni mtani wake, wewe sema.


Gungu, Kigoma
2 Juni 2024

Wenceslaus,

Nimechelewa kujibu, si kwa sababu ya treni. Barua hii nimeichana na kuiandika upya zaidi ya mara moja. Amne mguu umepona, malalamiko yamebaki. Tumezika mzee mmoja wa stesheni, ulimjua, yule aliyekuwa akipiga filimbi kwa pua.

Kwanza bodi. Bodi haikuwa mbovu. Nta inalainika kwa joto, na kitetemeshi kinapasha. Hata isingelainika, nta inaumeza mtetemo haiupitishi. Ngoma inapigwa na mkono wa mtu, hiki kinapiga mara maelfu kabla hujapepesa jicho. Kitetemeshi kisipokuwa na bakuli na maji ya kusukuma, nguvu yote inarudi kwenye bodi. Ndiyo ule moshi.

Pili, umeme. Reli tulikuwa na sheria: ukigusa mtambo wenye moto, mkono mmoja uwe mfukoni. Umeme ukiingia kwa mkono huu ukatokea kwa ule, njiani unapitia moyoni. Weka fyuzi. Chomoa kwanza, subiri, ndipo uguse. Mtu akijikwaa mbele ya bodi ile, anaweza asiinuke. Nimekuzidi mvua moja, sina haja ya kukuzika.

Tatu. Sikuhitaji shahidi, mwandiko wako umenitosha. Meza hazitetemeki, Wences. Bakuli lile linafua. Halishiki kibano. Ukishafua magurudumu ya Mwalimu Yoramu, nani atayarudisha? Umetengeneza mashine ya kukuondolea brashi, sawa, lakini aliyekuwa akishika brashi ndiye huyohuyo anayeshika skrubu ndogo kuliko chawa. Nilitaka uanze na vitaa ili uujue umeme, na pia ili uone mkono wako peke yako, bila wateja.

Na babu yetu. Mama yangu alikuwa binti yake, aliniambia. Hakubeba pembe, alibeba chumvi ya Uvinza. Na bega alilibadilisha njia nzima. Waliojitia hawabadilishi walizikwa njiani, ndiyo maana hakuna wajukuu wao wa kujisifu.

Bodi nyingine nimeshaagiza, dereva atakuletea. Fanya vitaa.

Nestory.


Mtendeni
16 Juni 2024

Nestory.

Tupo. Barua nimeisoma. Bodi imefika. Chumvi kabebe wewe.

W.


Mtendeni, Tabora
25 Agosti 2024

Nestory, mtoto wa shangazi,

Salamu nimekuwekea za miezi yote, gawa mwenyewe. Koleta mzima, goti linasema mvua za mwaka huu zitawahi. Mtoto wa Advera kaota meno. Bahasha yako ya Julai niliifungua mbele ya Consolatha, nikakuta fyuzi tatu na vitaa vya rangi, barua hakuna. Consolatha akauliza, "Huyu ndugu yako mbona anakuandikia vyuma?" Nikamwambia ana hasira, akikasirika anaishiwa maneno, si kama mimi.

Basi nilifanya vitaa. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sitaki ufurahi. Cha kwanza nilikiua bila kukusudia, cha pili makusudi. Cha tatu kikawaka chekundu, Koleta akaacha kuchambua mchele akaja kukitazama, tukakitazama wote wawili kama wajinga. Risasi inayeyuka vizuri ikipata joto la kutosha, ila maungio yangu yalikuwa manene kama matonge ya ugali. Nikajaza mchanga kwenye soksi nikalaza kifundo cha mkono juu yake, yakapungua. Na ile sheria yako ya mkono mfukoni niliifuata. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia padri: mkono ulio mfukoni nao ulikuwa unatetemeka. Niliuacha utetemeke, hakuna aliyeuona.

Bakuli nikalijenga upya. Gundi ya mirija miwili, fyuzi, swichi, kisanduku cha mninga nilichokiranda mwenyewe, hakuna fundi wa Dar atakayetengeneza kama kile. Sauti sikuisikia tena, lakini safari hii sikulilaumu. Nilichukua karatasi ya rangi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara nikaitumbukiza. Ilitoka imetobokatoboka kama imeliwa na mchwa. Linafanya kazi, Nestory. Kitu nisichokisikia kinafanya kazi.

Nane Nane Valentino alifika. Mwalimu Yoramu akavua saa yake, akaketi. Rashidi wa bodaboda akasimamisha pikipiki kwa umbea tu. Nikaifungua saa, sehemu moja moja, hilo bado ninaliweza kwa soksi ya mchanga. Nikatumbukiza vipande kwenye kikapu cha waya, nikawasha. Uchafu ukatoka, Nestory! Ulitoka kama moshi wa sigara ndani ya maji, wa kahawia. Rashidi akasema, "Mzee, kabureta yangu nayo ina mafua, itaingia humo?" Mwalimu akasema, "Miaka yote nimebeba tope lile mkononi?" Nikawaambia nyamazeni, kazi haijaanza.

Kazi ilipoanza ndipo waliponyamaza. Gurudumu la kwanza likakaa. La pili likakaa kwa shida. Nikachukua skrubu ya daraja, kile kibati kinachoyashikilia magurudumu, kibano kikaanza kucheza, skrubu ikaruka. Koleta akaiokota sakafuni kwa ncha ya kidole alichokilamba, kama anavyofanya siku zote. Nikaichukua tena. Ikaruka tena.

Valentino aliinamisha macho kwenye viatu vyake. Afadhali angenicheka. Mimi nilikuwa na maneno tayari: mwanga mbaya, meza fupi, skrubu za siku hizi. Nilifungua mdomo niyatoe, nikamwona Koleta amepiga magoti na goti lake bovu, anaitafuta skrubu yangu, na amekwisha kuipata. Haikumchukua muda. Alijua inakoangukia.

Nikasema, "Koleta, njoo ukae hapa."

"Nikae nifanye nini? Nina maharage jikoni."

"Yaache yaungue. Kaa. Mkono wangu hauwezi."

Nimeliandika kama nilivyolisema. Nilisema mbele ya mwanangu, mbele ya Mwalimu na mbele ya bodaboda, ambaye ni sawa na kulisema redioni.

Akakaa. Nikamvalisha lenzi ya jicho, akalalamika inamkamata kope. Nikamwambia chukua skrubu, ilaze, usiisukume, igeuze kidogo nyuma mpaka ikae yenyewe, ndipo ukaze. Akafanya. Nikamwambia sasa gurudumu jembamba kuliko yote. Akasema, "Usinipigie kelele sikioni, kiziwi ni wewe." Rashidi akacheka mpaka akashika nguzo. Mkono wake, Nestory! Umetulia kama maji ya mtungi. Nimeoa mkono ule, nimekula chakula chake, na sikuwahi kuutazama ukifanya kazi ndogo. Alikosea mara nyingi. Nilimtukana, akanitukana, kipande kimoja alikiweka juu chini tukaanza upya. Maharage yakaungua, harufu ikafika mpaka barabarani, hakuna aliyeinuka.

Tulipofika kwenye balansi, gurudumu linaloipa saa mapigo, niliondoa mikono yangu mezani. Aliishusha. Ikakaa kimya, halafu ikaanza kwenda na kurudi. Yeye akasema, "Inatembea." Mimi sikuisikia. Nikaiweka saa kwenye meno, maana sikio halifai, nikaipata kwenye mfupa wa taya: tik, tik, tik.

Valentino akasema, kwa adabu, si kwa kunidhihaki, "Baba, ulisema utaiunga wewe."

Nikasema, "Nilisema. Nimeshindwa." Nikatoa ufunguo shingoni nikampa. Mimi si mtu wa kula maneno yangu.

Akaushika. Nilimwona hajui aufanyie nini, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Akamgeukia mama yake, ambaye bado alikuwa na lenzi jichoni. "Mama, na wewe si utakwenda Dodoma?"

Koleta akasema, "Hapa mezani kuna saa ya Masista, baba yako ameshaifungua. Nitaiachaje uchi?"

Valentino akamwekea mama yake ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili. Halafu akakohoa, akaniuliza kama chumba cha Dodoma akipangishe. Nikamwambia akipangishe kwa mtu mwenye heshima.

Hivyo ndivyo ilivyo. Kibanda sasa ni cha Koleta. Anafungua baada ya misa, na baada ya misa ana jumuiya, na baada ya jumuiya ana maneno na wenzake mlangoni. Mimi, fundi ambaye saa zote za Tabora zimepita mkononi kwangu, nakaa nje kwenye benchi la wateja nikimsubiri. Hapo ndipo ninapokuandikia, daftari liko gotini, usiniulize habari za meza. Kufungua saa na kufua ni kwangu, kuunga ni kwake. Kabureta ya Rashidi iliingia bakulini, ikatoka, pikipiki imeacha kukohoa, na sasa wenzake wanapanga foleni. Sindano za cherehani nafua, miwani nafua, jana nimefua meno ya bandia ya mtu ambaye jina sitalitaja kwa kuwa ni Mmoravian.

Juzi mgeni kutoka Ziba alisimama mlangoni na saa yake mkononi, akaita, "Hodi, fundi yupo?"

Tuliitika wote wawili.

Wenceslaus